Somo Kabla ya Muziki: Klabu ya Dansi na Mji wa Babati

Dansi la ukumbini ni jina linalofaa kwa aina zote za dansi zinazochezwa na watu wawili wawili, mmoja akiongoza na mwenzake akifuata, juu ya sakafu wanayoitumia pamoja na jozi nyingine, kwa hatua zilizokubaliwa ambazo mtu hana budi kujifunza kwanza. Klabu ya dansi, kwa maana inayotumika katika makala haya, si bendi wala si baa yenye muziki, bali ni chama cha watu wanaolipa ada, wanaofundishana hatua hizo katika siku zilizopangwa, na ambao angalau mara moja kwa mwezi hukutana katika tafrija ili kila mmoja atumie mbele ya wenzake kile alichojifunza. Sehemu hizo mbili, yaani somo na tafrija, hutegemeana kwa kiasi kwamba ikiondolewa ya kwanza ya pili hugeuka kuwa starehe ya kawaida ya kununuliwa mlangoni, na ikiondolewa ya pili ya kwanza hubaki mazoezi ya viungo yasiyo na mahali pa kwenda. Tanzania iliwahi kuwa na vilabu vya namna hiyo kwa wingi, na mji kama Babati una sababu nzuri za kuvitaka tena.

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji huu uko kando ya ziwa linaloitwa kwa jina lake na chini ya Mlima Kwaraa, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Arusha hugawanyika, moja ikishuka Kondoa na Dodoma na nyingine ikielekea Singida. Wagorowa ndio wenyeji wa tangu zamani, lakini Wairaqw, Warangi na Wabarbaig wamo kwa wingi, nao wafanyabiashara, walimu, wauguzi na watumishi wa serikali wamehamia kutoka kila pembe ya nchi, hata sensa ya mwaka 2012 ikakuta watu zaidi ya 90,000 katika eneo la halmashauri ya mji. Mji wa wahamiaji huwa na watu wengi wasio na ndugu karibu, ambao jioni zao huishia ama katika kwaya ya kanisa, ama katika mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa, ama mbele ya televisheni inayoonyesha mpira, ama katika baa. Mahali ambapo mwalimu wa Kirangi, fundi wa Kigorowa na karani aliyehamishwa kutoka Mtwara wanaweza kukutana kama wanafunzi wa somo moja ni pachache kuliko inavyofaa.

Katika Tanganyika ya kikoloni, haja hiyo hiyo ndiyo iliyozaa vilabu vya dansi. Kabla yake kulikuwa na beni, ngoma iliyoanzia katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, ikichezwa kwa gwaride na ala zilizoiga bendi za kijeshi. Vyama vyake mashuhuri, Marini na Arinoti, vilikuwa na viongozi wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, michango, misaada ya mazishi na ushindani mkali, na mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo, alionyesha kwamba chini ya shamrashamra zake kulikuwa na utaratibu madhubuti wa kuwaunganisha watu waliojikuta ugenini. Beni ilikuwa ya barabarani. Dansi lililoifuata liliingia ukumbini, nalo lilipendwa kwanza na makarani, walimu, wauguzi na mafundi waliopitia shule za misheni, watu wa mshahara wa mwezi waliotaka starehe yenye heshima, yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na yenye mavazi ya kupigwa pasi.

Walichojifunza watu hao kilikuwa kimekwisha kupangwa mbali na hapa. Mwaka 1904 walimu wa dansi wa Uingereza waliunda chama chao jijini London, na mwaka 1924 wakaanzisha ndani yake tawi la dansi la ukumbini, lililokubaliana juu ya hatua za msingi za walsi, foksitroti, tango na kwikstepi, ili mwalimu wa mji mmoja asifundishe kinyume cha mwalimu wa mji mwingine. Victor Silvester, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1922 na aliyetoa kitabu cha mafunzo mwaka 1927, baadaye aliongoza okestra iliyorekodi muziki wa kasi isiyobadilika, kwa makusudi ya kumsaidia mchezaji. Kwa kuwa hatua zilikuwa zimeandikwa na kasi imepimwa, dansi liliweza kusafiri kwa kitabu na kwa santuri, na karani wa Tanga aliweza kujifunza hatua ileile aliyokuwa akijifunza karani wa London, bila kumwona mwalimu wa huko.

Santuri nyingine zilileta kitu kilichopendwa zaidi. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa na muziki wa Cuba, na masikio ya Afrika Mashariki na Kongo yalisikia humo mapigo yaliyotoka Afrika yakarudi yamevaa gitaa na tarumbeta. Rumba ikashika nafasi ambayo walsi haikuwahi kuishika. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imeundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na katika mji huohuo wa Morogoro Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliongoza bendi iliyojiita Cuban Marimba bila kuona haja ya kueleza Cuba inahusiana vipi na Morogoro, kwa sababu wachezaji walikwisha kuelewa.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba nyingi ya bendi hizo zilikuwa mali ya vilabu. Vyombo vilinunuliwa kwa michango ya wanachama, mpigaji alikuwa mwanachama mwenye kazi nyingine ya mchana, na klabu ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vilabu vya mji mmoja vilialikana na vya mji mwingine, na safari hizo za wachezaji na wanamuziki zilijenga mtandao uliopita juu ya mipaka ya kabila na ya jimbo. Emily Callaci, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2011 juu ya kumbi za dansi za Tanganyika kati ya miaka ya 1930 na uhuru, anazitazama kumbi hizo kama uwanja ambapo Waafrika wa mjini walijadiliana, kwa miguu na kwa mavazi, nani ni mtu mwenye heshima katika nchi iliyowanyima heshima hiyo kwa sheria. Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyezuiwa mlango wa hoteli ya Wazungu kwa sababu ya rangi yake, kisha akacheza foksitroti ukumbini kwa usahihi usio na kasoro, alikuwa akitoa jibu ambalo kila mtazamaji alilielewa.

Pamoja na hayo, jibu hilo lilikuwa na udhaifu wake, na aliyeutaja kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Julius Nyerere. Katika hotuba yake bungeni ya tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuanza urais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba Watanganyika wengi walikuwa wamejifunza rumba, chachacha, walsi na foksitroti ilhali wachache tu waliweza kucheza, au hata walikuwa wamesikia, gombe sugu, mangala au lelemama. Hakuwa akipiga marufuku dansi. Alikuwa akiuliza kwa nini elimu ya mwili wa Mwafrika ianzie ugenini. Wanamuziki walilijibu swali lake kwa namna yao. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, ilichezesha watu kwa mtindo wa Msondo, na Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978, kwa mtindo wa Sikinde, majina yote mawili yakiwa yametoka katika ngoma za jadi. Neno mtindo hapo lina maana ya mwendo maalumu wa dansi ambao ni alama ya bendi, kiasi kwamba shabiki huutaja mtindo badala ya bendi yenyewe.

Lakini mabadiliko hayo yalikuja na hasara ambayo haizungumzwi vya kutosha. Vyombo vilipohamia mikononi mwa vyama vya wafanyakazi, jeshi, polisi, magereza na mashirika ya umma, mwanamuziki alipata mshahara na vyombo bora, jambo jema lisilopaswa kubezwa, bali mchezaji aliyekuwa mwanachama akawa mteja wa kiingilio. Mteja hafundishwi hatua wala haulizwi ni lini mkutano ujao. Muziki wa dansi wa Tanzania uliendelea kukua na kufikia kilele cha miaka ya 1970 na 1980, huku klabu iliyoulea ikitoweka polepole nyuma ya jukwaa, na somo likatoweka pamoja nayo. Kizazi kilichofuata kilijifunza kwa kutazama, na wasio na ujasiri wa kujifunza mbele ya watu walibaki mezani, ambako wengi wao wako mpaka leo.

Somo la klabu limetengenezwa hasa kwa ajili ya watu hao wa mezani. Kwa kawaida huchukua muda wa saa moja kabla ya tafrija, na huanza bila kushikana: wanaoongoza husimama safu moja, wanaofuata safu ya pili wakiwaelekea, na mwalimu huhesabu kwa sauti huku wote wakipiga hatua bila muziki. Walsi ina mapigo matatu katika kila kipimo, yaani katika kila fungu dogo la mapigo linalojirudia, na pigo la kwanza ndilo zito. Anayeongoza hupeleka mguu wa kushoto mbele, wa kulia pembeni, kisha wa kushoto huufuata wa kulia hadi miguu ikutane. Halafu hupeleka wa kulia nyuma, wa kushoto pembeni, na wa kulia huufuata. Anayefuata hufanya hayo hayo kinyume. Miguu inakuwa imechora sakafuni umbo la mraba, na mtu aliyeweza kuuchora mara kumi bila kutazama chini amekwisha kuimiliki hatua ya msingi. Walsi ya taratibu huchezwa kwa vipimo kama 30 kwa dakika, yaani mapigo 90, kasi ambayo mtu mzima wa umri wowote huimudu, tofauti na kwikstepi ambayo hufikia vipimo 50 vyenye mapigo manne kila kimoja na ambayo mwalimu mwenye busara huiweka mbali na wanaoanza.

Kwa Babati, hata hivyo, mahali pa kuanzia ni rumba, kwa sababu sikio la Mtanzania linaifahamu tayari. Ina mapigo manne katika kipimo, na namna rahisi ya kuifundisha ni kwa kuhesabu haraka, haraka, pole, hatua mbili za haraka zikichukua pigo moja moja na ile ya pole ikichukua mawili. Wimbo wa dansi wa Kitanzania wa mtindo wa zamani una faida ya pekee kwa mwanafunzi, kwa kuwa umegawanyika sehemu mbili: sehemu ya kwanza ni ya taratibu na ya mashairi, ambamo jozi hucheza zikiwa zimeshikana, na ya pili, inayoitwa chemko, ni ya kasi, magitaa na tarumbeta zikipokezana, na wachezaji huachiana. Mwalimu anaweza kufundisha hatua katika sehemu ya kwanza na kuwaacha watu wafurahi katika ya pili, na wimbo mmoja ukawa somo na thawabu yake. Walimu wengi hutafuta nyimbo za Kiingereza kwa kazi hii ilhali hazina ya redio ya taifa imejaa nyimbo zinazoifanya vizuri zaidi. Hilo ni kosa linalowagharimu wanafunzi wao.

Kuongoza kwenyewe huelezwa vibaya mara nyingi. Wengi hudhani ni kumvuta na kumsukuma mwenzako kwa mikono, na matokeo yake ni mabega yanayouma na ugomvi wa wanandoa. Anayeongoza hupeleka ujumbe kwa kuhamisha uzito wa mwili wake mapema kidogo kabla ya mguu, na mikono, iliyoshikwa katika umbo lisiloyumba, hufikisha habari hiyo tu. Anayefuata naye hana kazi ya kukisia, bali ya kubaki amesimama juu ya mguu mmoja ulio wazi, tayari kwa upande wowote. Pia wote hujifunza kanuni ya barabara ya dansi, kwamba jozi huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, wenye mwendo mrefu wakipita pembezoni na wanaoanza wakibaki karibu na katikati, ili watu wengi watumie sakafu moja bila kugongana.

Kila baada ya dakika chache mwalimu huamuru kubadilishana, na safu ya wanaoongoza husogea mtu mmoja mmoja. Desturi hii huwashtua wageni, hasa waliokuja na wenzi wao, lakini bila hiyo klabu haiwezi kuwa klabu. Mtu anayecheza na mwenzi mmoja tu huzoea makosa yake, ilhali anayecheza na kumi hulazimika kujifunza hatua yenyewe; na mgeni aliyekuja peke yake, pengine aliyehamia mjini mwezi huohuo, huondoka akiwa ameshika mikono ya watu kumi na kujua majina yao. Mahali penye watu wa imani na malezi mbalimbali kama Babati, ambapo Waislamu, Wakatoliki na Walutheri ni majirani, ruhusa ya kutobadilishana inapaswa kutolewa bila kuulizwa sababu, na mshiko wa wazi, ambao wachezaji hushikana viganja tu wakiwa na nafasi ya mkono kati yao, unapaswa kufundishwa mwanzoni kama mshiko wa kawaida. Chachacha huchezwa hivyo kwa sehemu kubwa bila kupungukiwa na kitu.

Tafrija inayofuata somo ina adabu zake, na adabu hizo ndizo zinazoitofautisha na muziki wa baa. Mtu humwomba mwenzake dansi kwa maneno, hamvuti mkono; aliyeombwa anaweza kukataa kwa shukrani bila kutoa maelezo; dansi likiisha, mwombaji humrudisha mwenzake mahali alipokuwa ameketi na kumshukuru. Hakuna anayemsahihisha mwenzake katikati ya sakafu, kwa kuwa wakati wa kusahihishana umekwisha saa ya somo. Wanachama wa siku nyingi wana wajibu wa kuwaomba wanaoanza angalau katika nyimbo chache za jioni, na viongozi wa klabu huangalia nani amekaa muda mrefu. Kuhusu pombe vilabu hutofautiana, ila ni dhahiri kwamba mtu aliyekunywa hawezi kuongoza mwili wa mwingine kwa usalama, na klabu inayotegemea mauzo ya bia kulipa ukumbi itajikuta ikifupisha somo mwezi hadi mwezi.

Wapo watakaosema kwamba Watanzania wa leo hawana subira ya kujifunza hatua kwa kuhesabu. Harusi zinakanusha hilo. Kwaito, dansi la mistari lililotoka Afrika Kusini, huchezwa katika kumbi za harusi za nchi nzima na mamia ya watu wanaogeuka pamoja upande mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyezaliwa akiijua. Kamati za harusi huifanyia mazoezi, na shangazi humfundisha mpwa sebuleni. Aidha bwana na bibi harusi hutakiwa kufungua muziki mbele ya wageni wote, dakika ambazo wengi huzipita wakiyumba mahali pamoja kwa haya. Klabu inayotangaza kwamba itawafundisha wachumba walsi au rumba kwa wiki sita itapata wanachama wake wa kwanza, na baadhi yao watabaki baada ya harusi.

Faida za kiafya zinastahili kutajwa kwa uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la tiba la New England nchini Marekani ulifuatilia wazee 469 wa New York waliozidi umri wa miaka 75, na kati ya shughuli za viungo zilizochunguzwa dansi pekee ndilo lililoambatana na kupungua kwa hatari ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Kuambatana si sawa na kusababisha, na huenda wenye akili timamu ndio wanaoendelea kucheza. Hata hivyo shughuli inayomtaka mtu akumbuke hatua, asikilize mapigo na amsome mwenzake kwa wakati mmoja haiwezi kumdhuru mstaafu wa Babati.

Mahitaji ya kuanza si makubwa. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa au ya vigae inatosha, mradi viatu viwe na soli ya ngozi au nyingine inayoteleza kidogo, kwa kuwa soli ya mpira hushika sakafu wakati mwili unageuka na goti ndilo linaloumia. Spika mbili na simu yenye nyimbo zilizopangwa kwa kasi hutosha kwa miezi ya mwanzo. Kucheza nyimbo za watu hadharani kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na afisa utamaduni wa halmashauri ndiye mtu wa kwanza wa kuonwa. Mwalimu akikosekana mjini, Arusha iko kilomita zipatazo 170 kwa barabara ya lami, na barabara ya Dodoma nayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ikiwa na lami mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mtu anaweza kuja Jumamosi asubuhi na kurudi siku ya pili. Katiba, ada, faini ya kuchelewa na daftari la mweka hazina havihitaji mwalimu yeyote, kwa sababu wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa wamekuwa wakiviendesha kwa miaka mingi kwa ukali ambao klabu yoyote ingeutamani.

Swali gumu zaidi ni la saa, na hapo zamani ina mfano wa kufuata. Katika miaka ya 1970 vijana wa mijini walikuwa na bugi, dansi la mchana lililoanza baada ya chakula na kwisha kabla ya giza, bila pombe, ili wazazi waweze kuwaruhusu watoto wao. Babati ina vitongoji vilivyotawanyika, usafiri wa usiku ni wa bodaboda, na wanawake wengi hawatakubali, kwa haki kabisa, kurudi nyumbani saa sita za usiku kwa ajili ya somo la rumba. Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara, somo saa nane mchana, tafrija saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, na mwezi wa Ramadhani, majuma ya Kwaresima na msimu wa mavuno vikiwa vimewekwa pembeni katika kalenda tangu Januari: kwa mpango huo hata muuza duka wa sokoni, akimwachia kijana wake kaunta kwa saa nne, ataweza kuhudhuria.